Mali bila daftari: funzo kutoka majarida ya michezo ya video

Zipo kazi ambazo mtu akizisikia kwa mara ya kwanza hucheka. Mojawapo ni hii: kwamba nchini Uingereza, Marekani, Japani na kwingineko wapo watu wazima, wenye ajira na familia, ambao jioni huketi mbele ya kompyuta na kuorodhesha, ukurasa baada ya ukurasa, yaliyomo katika majarida ya zamani ya michezo ya video. Huandika jina la mchezo, jina la mwandishi, aina ya makala, tarehe ya toleo na nambari ya ukurasa, kisha hutia hayo yote katika hifadhidata ambayo mtu yeyote anaweza kuisaka. Wengi wao hawalipwi hata senti moja.

Nionavyo mimi, kicheko hicho hakina msingi. Kazi hiyo ni ya kitaaluma hasa, na sisi tunaofundisha na kujifunza lugha tuna mengi ya kuiga kwayo. Hoja yangu ni moja tu: kukihifadhi kitu si sawa na kukijua kilipo, na maandishi yasiyo na faharasa, hata yakihifadhiwa vizuri namna gani, hayatofautiani sana na maandishi yaliyopotea. Wahenga walikwisha kunena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa faida ya msomaji asiyeyajua majarida hayo, nitaeleza kwa ufupi. Mwaka wa 1981 lilianza nchini Uingereza jarida la Computer and Video Games, na mwaka uo huo likaanza Marekani jarida la Electronic Games. Mnamo 1984, katika mji mdogo wa Ludlow, Uingereza, likazaliwa Crash, lililowahudumia wenye kompyuta ndogo za ZX Spectrum. Famitsu lilianza kutoka Japani mwaka wa 1986, na Nintendo Power la Marekani likadumu tangu 1988 hadi 2012. Kurasa za majarida hayo zilisheheni tathmini za michezo, mbinu za kushinda, barua za wasomaji, tetesi na matangazo ya biashara. Katika miaka ya 1980 baadhi yalichapisha hata programu nzima, mstari kwa mstari, ili msomaji azipige mwenyewe katika kompyuta yake.

Wakati huo ni wachache waliodhani kwamba majarida hayo ni hazina. Yalinunuliwa, yakasomwa, yakachanwa picha za kubandikwa ukutani, kisha yakatupwa. Leo mambo yamebadilika, na sababu yake ni nzito. Mnamo Julai 2023 shirika la Video Game History Foundation la Marekani, kwa ushirikiano na Software Preservation Network, lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka wa 2010 haipatikani tena sokoni. Basi anayetaka kujua mchezo fulani ulikuwaje, uliuzwa kwa bei gani, ulipokewaje na nani aliubuni, aghalabu hana shahidi mwingine ila jarida la siku hizo. Ipo hata michezo iliyotangazwa majaridani na kuonyeshwa kwa picha, kisha ikaachwa kabla ya kuuzwa. Mchezo wa Star Fox 2, kwa mfano, ulionekana katika kurasa za majarida miaka ya 1990 lakini haukutolewa rasmi hadi mwaka wa 2017. Kwa zaidi ya miaka 20 jarida ndilo lililokuwa ushahidi mkuu kwa msomaji wa kawaida.

Msomaji aweza kusema: "Lakini siku hizi kurasa hizo zinapigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao. Je, kuna haja gani tena ya faharasa?" Swali hili ni la haki. Ni kweli kwamba Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka wa 1996, ina maelfu ya matoleo ya majarida ya kompyuta na michezo. Ni kweli pia kwamba Januari 2025 shirika nililolitaja lilifungua maktaba yake ya kidijitali, ikiwa na zaidi ya matoleo 1,500 ambayo maneno yake yanaweza kusakwa. Hiyo ni hatua kubwa, na waliohusika wanastahili pongezi.

Hata hivyo, kusaka maneno ni jambo moja na kutafuta habari ni jambo jingine. Mashine inayotambua herufi huona maumbo. Haioni maana. Majarida haya yalipambwa kwa rangi kali, herufi zilizopinda na maandishi yaliyochapwa juu ya picha. Mashine ikifika hapo hubabaika: huona "rn" ikadhani ni "m", huunganisha safu mbili za maandishi zikawa sentensi moja isiyoeleweka, na kichwa cha habari kilichochorwa kwa mkono hukiruka kabisa. Mtafutaji naye akiambiwa kwamba hakuna kilichopatikana, huondoka akiamini kwamba hakuna kilichoandikwa. Hapo ndipo hasara ilipo, kwa maana ukimya wa mashine huchukuliwa kuwa ukimya wa historia.

Tuseme basi kwamba mashine imesoma kila herufi sawasawa. Tatizo la lugha lingali palepale, na hapa ndipo mwanaisimu anapoitwa. Katika majarida haya kitu kimoja kina majina mengi, na jina moja lina vitu vingi. Mashine ya kuchezea iliyotolewa na Sega nchini Japani mwaka wa 1988 iliitwa Mega Drive. Ilipofika Marekani mwaka wa 1989 ikaitwa Genesis. Anayesaka jina la kwanza katika majarida ya Marekani ataambulia machache, ilhali habari zimejaa tele chini ya jina la pili. Huu ni usinonimu wa kawaida, na dawa yake ni kuteua kidahizo kimoja na kuyaelekeza majina mengine kwacho, kama tufanyavyo katika kamusi.

Homonimu ni mtihani mgumu zaidi. Mchezo ulioitwa Final Fantasy IV nchini Japani mwaka wa 1991 uliuzwa Marekani mwaka huohuo kwa jina la Final Fantasy II, kwa kuwa Wamarekani hawakuwa wamepata ile ya pili na ya tatu. Kisha mwaka wa 1994 ile ya sita ikaitwa huko Final Fantasy III. Kwa hiyo jarida la Marekani la mwaka wa 1994 na jarida la Japani la mwaka wa 1990 yaweza kutaja "ya tatu" na kila moja likawa linazungumzia mchezo tofauti kabisa. Katika Street Fighter II, mchezo wa kampuni ya Capcom uliotolewa mwaka wa 1991, wahusika watatu walibadilishiwa majina walipovuka bahari: mwanamasumbwi aliyeitwa M. Bison nchini Japani akaitwa Balrog kwingineko, Balrog wa Japani akawa Vega, na Vega wa Japani akawa M. Bison. Hakuna jina jipya lililoongezwa hapo. Majina ni yaleyale matatu, yamezungushwa tu. Mashine ikiulizwa habari za Balrog itamletea mtafutaji watu wawili na kumwachia ugomvi mikononi. Anayeweza kuamua ni msomaji aliyetazama ukurasa, akajua jarida ni la nchi gani, na akauona mchoro wenyewe.

Kuna mfano mwingine ambao kila mwalimu wa tafsiri angepaswa kuufundisha. Katika mchezo uo huo, pigo moja la mhusika aitwaye Ryu lina jina la Kijapani linaloandikwa kwa herufi za Kichina, nalo lina maana ya ngumi ya joka linalopaa. Katika tafsiri ya Kiingereza, sehemu ya jina hilo ilisomwa kwa matamshi ya Kichina, ikawa "Sheng Long", na sentensi ikajengwa kana kwamba huyo ni mtu anayepaswa kushindwa. Wachezaji wakaanza kumtafuta Sheng Long. Aprili 1992 jarida la Electronic Gaming Monthly la Marekani likachapisha, kwa mzaha wa Siku ya Wajinga, maelezo ya namna ya kumfikia mtu huyo aliyefichwa mchezoni. Wasomaji wengi waliamini, na majarida mengine yakairudia habari hiyo kana kwamba ni kweli. Kosa la tafsiri likawa mtu, na mtu akawa habari.

Nauliza: faharasa iandike nini katika ukurasa huo? Ikiandika "mbinu za mchezo" na kunyamaza, itakuwa imeupa uongo cheti cha kuzaliwa. Ikiuacha ukurasa huo nje kwa sababu habari yake si ya kweli, itakuwa imemnyima mwanahistoria ushahidi wa jambo lililotikisa vijana wengi. Jibu la haki ni kuuingiza na kuandika kando yake kwamba ni mzaha wa Aprili. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa na asiyesoma. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kutunga faharasa ni kusoma, na ni kusoma kwa makini kuliko asomavyo msomaji wa kawaida.

Yapo mambo mengine yanayodai uangalifu wa aina hiyo. Famitsu huwapa wahakiki wanne mchezo mmoja, kila mmoja akatoa alama juu ya 10, jumla ikawa 40. Crash lilitoa alama kwa asilimia. Mtunga faharasa anayegeuza alama zote ziwe za aina moja amekwisha kuingiza maoni yake katika ushahidi. Yampasa aandike alama kama ilivyochapishwa na kuwaachia wengine hesabu. Aidha, mwezi uliochapishwa kwenye jalada mara nyingi si mwezi ambao jarida liliuzwa, wala si mwezi ambao makala yaliandikwa. Nao waandishi walipenda lakabu: Electronic Gaming Monthly lilikuwa na mhakiki aliyejiita Sushi-X na mwandishi wa tetesi aliyejiita Quartermann. Wanaoweza kueleza nani alikuwa nyuma ya lakabu kama hizo ni watu wa kizazi kile, na umri haumsubiri mtu.

Wapo wanaodai kwamba akili unde itamaliza kazi yote hii kwa usiku mmoja. Siipingi mashine. Nakubali kwamba inaweza kupendekeza kichwa cha makala, kutenganisha tangazo na tathmini, na kumpunguzia mtu uchovu wa kuandika. Lakini pendekezo linahitaji mtu wa kulikubali au kulikataa, na mtu huyo lazima awe na kigezo. Zaidi ya hayo, mashine inayokosea husema kwa sauti ileile ya uhakika inayotumia inaposema kweli, na kosa lililoingia katika hifadhidata hunakiliwa na wengine hadi likawa kama jambo lililothibitishwa. Sheng Long alienea kwa chapa na posta tu. Leo angeenea kwa dakika chache.

Katika kazi hii kuna mjadala kuhusu kina. Wengine hutaka kila jina na kila picha iorodheshwe. Wengine huridhika na vichwa vya makala na nambari za kurasa. Mimi nasimama na hao wa pili, angalau kwa kuanzia. Faharasa nyepesi inayofika toleo la mwisho inamfaa mtafutaji kuliko faharasa nzito iliyokomea toleo la tatu mwenyewe akachoka. Isitoshe, orodha ya vichwa, majina na kurasa si nakala ya makala, hivyo inaweza kuwekwa wazi hata pale ambapo hakimiliki inazuia kurasa zenyewe kuonyeshwa.

Kazi hii si ngeni duniani. Neno "faharasa" lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi. Mnamo mwaka wa 987 Ibn al-Nadim wa Baghdad alikamilisha kitabu chake al-Fihrist, akiorodhesha vitabu vilivyoandikwa kwa Kiarabu katika kila fani. Vingi kati ya vitabu hivyo havipo tena, na tunajua kwamba viliwahi kuwako kwa sababu yeye aliviandika katika orodha. Huko Marekani, mwaka wa 1848, William Frederick Poole alitoa faharasa ya majarida akiwa angali mwanafunzi wa Yale, kwa kuwa aliona wenzake wakihangaika kutafuta makala ya kuwasaidia katika insha na midahalo. Toleo kubwa la mwaka wa 1882 lilikamilishwa kwa ushirikiano: wakutubi wa Marekani na Uingereza waligawana majarida, kila mmoja akabeba mzigo wake. Naomba wanafunzi wanaosoma makala haya wakumbuke kwamba aliyeanza alikuwa mwanafunzi.

Sasa nigeuze uso kwetu. Mambo Leo lilianza kutoka Tanganyika mwaka wa 1923. Baraza lilianza Nairobi mwaka wa 1939. Tangu hapo magazeti ya Kiswahili yamebeba habari, tahariri, barua, mashairi na malumbano ya lugha yasiyo na idadi. Mwanafunzi wangu akiniuliza ni lini "runinga" ilianza kuchapishwa mahali pa "televisheni", au ni nani waliolumbana kuhusu "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi", sina faharasa ya kumwelekeza. Namwambia aende maktaba, afungue majalada, aanze ukurasa wa kwanza. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, aliongoza ukusanyaji wa matini za Kiswahili zinazosomeka kwa kompyuta na kubuni programu ya kuchanganua maneno yetu, na tunamshukuru. Lakini mkusanyiko wa matini hauwezi kuchukua nafasi ya faharasa ya magazeti, mwaka kwa mwaka na ukurasa kwa ukurasa.

Kiswahili kinaihitaji faharasa kuliko Kiingereza, kwa sababu ya umbo la maneno yake. Anayesaka "kuandika" hatampata "mwandishi", wala "maandishi", wala "hawakuandikiana". Akijaribu ujanja wa kusaka herufi "lim" ili apate "kilimo" na "mkulima", ataletewa pia "mwalimu", "ulimi", "ulimwengu" na "limau". Na kuhusu lakabu, nani asiyejua kurasa zetu za mashairi? Malenga huyu na malenga yule wamejipa sifa za miji na visiwa, na majina yao halisi yanajulikana na wahariri wastaafu na watunzi wenzao. Tukiwazika kabla ya kuwauliza, tutabaki na diwani zisizo na wenyewe. Karatasi ya gazeti nayo haidumu. Hugeuka manjano, ikakauka, ikavunjika mkononi.

Napendekeza hatua tatu. Mosi, idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zikubaliane juu ya fomu moja fupi: jina la gazeti, tarehe, ukurasa, kichwa, jina la mwandishi kama lilivyochapishwa na jina halisi likijulikana, aina ya maandishi, mada, na maneno mapya yaliyoonekana. Pili, kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu apewe mwezi mmoja wa gazeti moja kama zoezi la utafiti, na mwenzake aukague kabla ya kutiwa alama. Zoezi la namna hiyo litamfunza usomaji, uainishaji na uaminifu, nalo halitaishia kuwekwa chini ya meza ya mhadhiri. Tatu, walimu wa shule za upili na vyuo vya ualimu waanze na jarida la shule yao wenyewe. Chama cha Kiswahili kinaweza kuifanya kazi hiyo kwa daftari na kalamu, kompyuta ikafuata baadaye.

Wapenzi wa michezo ya video hawakungoja serikali wala wafadhili. Walikubaliana majina, wakagawana matoleo, wakaanza. Nasi tunazo lugha yenye maandishi ya karne nyingi, idara zenye wataalamu, na madarasa yaliyojaa vijana wanaotafuta mada ya utafiti. Muhula ujao mwalimu achague gazeti moja na mwaka mmoja, awagawie wanafunzi wake miezi 12, na orodha watakayoitunga aiweke maktabani mahali ambapo mtu mwingine ataiona.